Spika za Sinema Nyumbani

Wenzangu, wengi wetu tukitaka sebule ingurume kama sinema, tunakimbilia wufa kubwa. Haya, itanguruma, lakini nyanya ataendelea kuuliza, "Amesema nini huyo?" Mtindo wa Dolby Digital, ulioingia sinemani na filamu ya Batman Returns mwaka 1992, hugawa sauti njia 6: tatu mbele, mbili za ubavuni na moja ya besi tu, isiyopita hezi 120. Mazungumzo mengi hupitia spika ya katikati. Mimi pesa ningeziweka hapo kwanza, tena zote tatu za mbele ziwe za aina moja, ili mlio wa gari usibadilike likikatiza skrini. Dukani muuzaji atakuwekea milipuko. Mwambie, "Hapana bwana, niwekee watu wakinong'ona." Wufa ingoje mwezi ujao.