DAFTARI NA WAVU: KOMPYUTA HUTUNZAJE HABARI ZA SHAMBA LAKO?

Kila kijiji kina madaftari yake. Liko la kaya, liko la wageni, na liko la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji itunze daftari la ardhi. Siku hizi habari kama hizo huingizwa katika kompyuta. Katika miaka ya 2010, baadhi ya vijiji vya Mkoa wa Iringa vilipima mashamba kwa kutumia simu za mkononi. Nasi wa Singida yafaa tujue kompyuta hutunzaje habari. Ziko njia mbili kubwa.

NJIA YA KWANZA: MAJEDWALI

Jedwali ni kama daftari la mahudhurio ya kisomo. Lina mistari na safu. Tuchukue daftari la mashamba. Kila shamba lina mstari wake. Safu ya kwanza ni namba ya shamba, ya pili ni ekari, ya tatu ni zao, ya nne ni namba ya kaya. Majina ya watu wa kaya yako katika daftari jingine. Ukiyataka, chukua ile namba ya kaya, ukaitafute kule. Namba ndiyo inayounganisha madaftari.

Njia hii ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mabenki na maofisi mengi huitumia. Ukiuliza, "Kijiji kizima kina ekari ngapi za alizeti?" kompyuta huteremka na safu, hujumlisha, basi. Tena safu ya ekari yaweza kupangwa ikatae jina la mtu. Hivyo makosa hupungua.

NJIA YA PILI: WAVU

Wataalamu huuita grafu. Hebu fikirini wavu wa kuvulia samaki. Kila fundo ni mtu au kitu: mzee, mkewe, binti yao, shamba namba 14. Kila uzi una jina lake: "ameoa", "mtoto wa", "alimpa", "linapakana na". Kampuni ya Google ilitangaza wavu wake mwaka 2012. Mtu akiuliza habari za mji, huletewa pia mambo yanayohusiana na mji huo.

Sasa tuulize: "Shamba namba 14 lilitoka kwa nani? Huyo naye alipewa na nani?" Kwa majedwali, kompyuta hufungua daftari hili, hurudi, hufungua lile. Kwa wavu, hushika uzi na kuufuata fundo hadi fundo, kama wazee wetu wa Kinyaturu na Kinyiramba wanavyohesabu ukoo.

Lakini wavu nao una taabu yake. Jina likiandikwa kwa namna mbili, mtu mmoja aweza kufungiwa mafundo mawili. Na kwa kujumlisha ekari, jedwali ni jepesi zaidi.

MJANE YUKO WAPI?

Tuseme mzee wa shamba namba 14 amefariki. Amelilima na mkewe miaka 30. Kama daftari lina safu moja tu ya "mwenye shamba", na imeandikwa jina la mume peke yake, mke hayumo. Ndugu wa mume wakija kudai shamba, mama huyu ataonyesha nini?

Katika wavu, mke angefungiwa uzi wake wa "ana haki". Majedwali nayo yaweza: liwepo daftari la haki, na kila mwenye haki apate mstari wake. Basi tusiilaumu kompyuta. Tumtazame aliyepanga safu. Na njia zote mbili hazijui jambo ambalo halikuandikwa.

Kifungu cha 20 cha sheria ile kinasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Kwa hiyo waandikishaji wakija, tuulize: "Jina la mke limeandikwa wapi?" Tusome kwanza, ndipo tutie saini. Kisomo tulichopata ni cha kazi kama hiyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Daftari la ardhi la kijiji chenu lina safu zipi?
2. Ni nani anayetegemea shamba lenu lakini jina lake halimo?
3. Mkitaka kujua historia ya shamba, mtatumia jedwali au wavu? Kwa nini?