Fuliza, Pochi na Riba: Msamiati wa Simu katika Biashara ya Maziwa ya Ngamia Mjini Isiolo

Wataalamu wa Kiswahili wanapojadili lugha na teknolojia, aghalabu mjadala huanzia na kuishia katika tarakilishi. Huulizwa iwapo neno hilo linafaa kuliko kompyuta, au kama rununu ina haki ya kuiondoa simu ya mkononi. Husifiwa pia juhudi kama ile ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka wa 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Sifa hizo zinastahiki. Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo wa Kenya hakukutana na teknolojia inayozungumza Kiswahili mbele ya tarakilishi. Alikutana nayo katika simu ya bei nafuu, ile inayoitwa kabambe, au mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Na msamiati alioukuta humo haukutungwa na jopo la wanaisimu bali na idara za mauzo za kampuni za simu.

Makala haya yanauchunguza msamiati huo kupitia biashara moja, ile ya maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Yanaeleza namna zana za simu zinavyofanya kazi katika biashara hiyo, na namna neno moja lisiloeleweka vyema linavyoweza kumla mtu mtaji.

Maziwa, mabasi na Eastleigh

Isiolo ni lango la kaskazini mwa Kenya. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana hapo, kila jamii na lugha yake, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Biashara ya maziwa ya ngamia kwa kiasi kikubwa imo mikononi mwa wanawake, na ushirika wa Anolei ni miongoni mwa vikundi vyao vinavyojulikana zaidi. Maziwa hukamwa malishoni, pande za Kulamawe na kwingineko, hutiwa katika mitungi ya plastiki na kuletwa mjini kwa magari na pikipiki. Hapo hukaguliwa kwa pua na kwa ulimi, hupoozwa, kisha hupakiwa katika mabasi ya Nairobi. Soko lake kubwa ni mtaa wa Eastleigh, zaidi ya kilomita 250 kutoka Isiolo.

Biashara hii ina sifa moja inayopaswa kuzingatiwa kabla ya kuitaja zana yoyote. Mwanamke wa Isiolo yumo katikati ya madeni mawili. Muuzaji wa Eastleigh anadaiwa naye, ilhali yeye anadaiwa na mfugaji. Fedha anazozipokea si zake zote. Sehemu kubwa ni amana ya watu walio malishoni. Zaidi ya hayo, bidhaa yenyewe haingoji. Maziwa yasiyopoozwa hayana subira ya kusuluhisha hesabu.

Zamani malipo hayakuwa na njia ila ya mkono: kupewa dereva, kondakta au jamaa anayesafiri, na kurudi pamoja na mitungi mitupu. Njia ya kaskazini ilijulikana kwa majambazi, na fedha taslimu zilikuwa kishawishi. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, kilichobadilika si kasi ya malipo tu. Fedha zilitengana na basi. Muuzaji wa Eastleigh aliweza kulipa kabla mitungi haijaanza safari ya kurudi, na aliyekuwa Isiolo aliweza kumlipa mfugaji bila kuonekana amebeba chochote.

Neno la kwanza: imethibitishwa

Msamiati wa awali wa M-Pesa ulikuwa mchache na wa amri: tuma, toa, lipa, nunua. Ni vitenzi vya silabi mbili au tatu ambavyo hata anayekijua Kiswahili cha sokoni tu huvielewa. Ugumu huanza na arafa inayofuata. Mtumiaji aliyechagua Kiswahili hupata ujumbe unaoanza kwa msimbo wa herufi na tarakimu, kisha neno imethibitishwa. Mwanafunzi wa sarufi atauliza mara moja: kiambishi i- kinarejelea nini? Pesa zingethibitishwa, muamala ungethibitishwa, lakini hapa nomino haipo. Ni kiima kisicho na mwenyewe, na yamkini kimezaliwa na tafsiri ya neno moja pasipo kutazama sentensi.

Sokoni kosa hilo halimzuii mtu kupokea fedha zake. Mtumiaji huzoea umbo la neno kama anavyozoea uso wa mtu, akaruka moja kwa moja hadi kwenye tarakimu. Hatari iko papo hapo. Tapeli anayetunga arafa bandia hahitaji sarufi nzuri. Anahitaji umbo lile lile na tarakimu zinazoshawishi. Kwa hiyo kinga ya mchuuzi haimo katika kusoma ujumbe kwa makini zaidi. Imo katika kulitazama salio lake mwenyewe kabla ya kuyaachilia maziwa, na kuangalia kama ujumbe umetoka kwa M-Pesa yenyewe au kwa nambari ya simu ya mtu.

Fuliza

Majina ya huduma za kampuni za simu yanastahili tasnifu. Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, ni msemo wa mabaharia uliofika hadi mji usio na bahari wala bandari, na watu wa Isiolo huutumia bila kuuliza jahazi ni nini. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, inaahidi utulivu kwa jina lake. Lakini jina lililotungwa kwa ustadi mkubwa zaidi ni Fuliza, la Januari 2019.

Kufuliza ni kufanya jambo pasipo kukatiza. Ndipo tunapopata mfululizo. Huduma yenyewe humwezesha mtu ambaye salio lake halitoshi kukamilisha malipo, naye akabaki na deni. Hutozwa ada ya 1% anapoitumia, na ada nyingine ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni, pamoja na nafuu ya siku chache za mwanzo kwa madeni madogo. Jina halisemi kopa, wala deni, wala dhamana. Linasema endelea. Kisemantiki, mkopaji ameondolewa katika tendo la kukopa na kuwekwa katika tendo la kutokatizwa.

Namna deni linavyolipwa ndiyo inayomgusa zaidi muuza maziwa. Fedha yoyote inayoingia katika laini yake ya M-Pesa hulipa Fuliza kwanza. Mfumo hauulizi fedha hizo ni za nani. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke anadaiwa shilingi 2,000 za Fuliza alizozitumia kulipia karo. Kutoka Eastleigh anatumiwa shilingi 6,000: 4,500 ni haki ya wafugaji watatu, na 1,500 ni nauli na faida yake. Mara tu fedha zinapoingia, 2,000 hukatwa pamoja na ada zake, na kinachobaki hakifiki 4,000. Hata akiiacha faida yote na nauli asilipe, hawezi kuwalipa wafugaji kikamilifu. Ili asivunje ahadi, atafuliza tena jioni hiyo hiyo, na hapo jina litakuwa limetimiza maana yake ya kamusini.

Mfugaji aliyepunjwa mara mbili humpelekea mwingine maziwa yake. Neno amana, ambalo Waislamu wa Isiolo hulichukulia kwa uzito wa kidini, halimo popote katika orodha ya huduma za simu.

Ada au riba

Dini inaleta suala jingine. Katika vitabu vya hesabu vya shule, riba ni istilahi tupu: asilimia inayoongezwa juu ya mtaji. Mwanafunzi huikokotoa na kufunga daftari. Kwa Muislamu, riba ni haramu iliyotajwa katika Kurani, na katika mji wenye Waislamu wengi kama Isiolo neno hilo halitamkwi kwa urahisi kama linavyotamkwa darasani.

Kampuni za simu hazisemi riba. Husema ada. Neno hili nalo ni la asili ya Kiarabu, lenye maana ya desturi au mazoea, na katika Kiswahili limepanuka hadi kumaanisha malipo yaliyozoeleka kwa huduma fulani: ada ya mganga, ada ya shule. Kuliita tozo la mkopo ada ni kuliingiza katika ukoo wa malipo yasiyo na lawama. M-Shwari ilipoanza ilitoza 7.5% kwa mkopo wa siku 30, na tozo hilo likaitwa ada, si riba. Je, jina hubadilisha hukumu? Swali hilo ni la mashehe. Linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba mtumiaji anayeuliza kama alichotozwa ni riba hapati jibu katika arafa yoyote, kwa kuwa neno analolitafuta limeepukwa.

Mwaka wa 2023 Safaricom na Gulf African Bank walizindua Halal Pesa, mkopo wa simu uliotangazwa kuwa unafuata sharia ya Kiislamu. Jina lake halina ustadi wa Fuliza, lakini lina unyoofu: linatumia neno la mteja mwenyewe, na kwa kufanya hivyo linakiri kwamba swali lake lilikuwa la haki.

Pochi, nambari ya dukani na daftari

Tiba ya tatizo la fedha kuchanganyika ipo, na haina gharama kubwa. Pochi la Biashara ni mkoba wa pili ndani ya laini ile ile ya simu, ambao hutenga fedha za biashara na za nyumbani. Nambari ya dukani ya Lipa na M-Pesa hufanya kazi kama hiyo kwa biashara iliyokua kidogo. Pochi ina faida nyingine isiyotangazwa vya kutosha: mnunuzi hawezi kuyarudisha malipo bila idhini ya muuzaji. Katika laini ya kawaida, mtu aweza kulipa, akaondoka na mtungi, kisha akadai kuwa alikosea nambari na kuomba fedha zirejeshwe. (Ama kuhusu kama ni pochi la au pochi ya, wachuuzi husikika wakisema pochi yangu, na ubishi wa ngeli wamewaachia wasomi.)

Zana nyingine huja Isiolo zikiwa zimeshonewa mwili mwingine. iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu na kuanza mwaka wa 2011, ilimtumia mfugaji arafa kufuatana na kalenda ya mimba ya ng'ombe wake. Wazo zuri, ila ng'ombe hubeba mimba miezi 9, naye ngamia takriban 13.

Lahajedwali, neno zuri ambalo halijapata bahati ya kutoka nje ya maabara ya tarakilishi, lingemfaa mhasibu wa kikundi kwa kujumlisha lita za kila mfugaji. Kwa mtu mmoja mmoja, daftari la mistari lingali bora, mradi kila msimbo wa muamala uandikwe kando ya jina la aliyelipwa. Kwa asiyejua kusoma, ujumbe wa sauti wa WhatsApp umeleta jambo ambalo arafa haikuliweza: bei ya siku, idadi ya mitungi na nambari ya basi huzungumzwa kwa Kiborana au Kisomali, bila kupitia maandishi wala Kiswahili. Pale mtandao unapofika, bila shaka. Malishoni kwingi haufiki, na simu hupigwa kutoka juu ya kilima.

Lipo eneo moja ambalo wanafunzi wa Kiswahili wangeweza kulifanyia kazi leo. Tangu mwaka wa 2023 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya imekuwa ikizitaka biashara zitoe ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki katika hesabu za kodi. Hoteli ya Nairobi inayonunua maziwa Isiolo itaidai karatasi hiyo. Kiswahili kina ankara, risiti na stakabadhi. Ya kwanza hudai malipo. Mbili za mwisho huthibitisha kuwa yamekwishafanywa. Sokoni zote tatu huitwa risiti, na mchuuzi anayeombwa ankara huonyesha arafa ya M-Pesa, akiamini kuwa ametoa kila alichotakiwa kutoa.