Mnada wa Briji Huanzia kwenye Alama

Aliyezoea wahedi wa sitini haoni taabu kubwa na uchezaji wa briji. Turufu anaijua, na kanuni ya kufuata aina iliyoongozwa ataizoea upesi. Kinachomkwaza ni mnada. Katika wahedi wa sitini pointi huhesabiwa karata zikishakwisha. Katika briji, kabla karata ya kwanza haijaanguka, lazima isemwe upande gani utakula mizunguko mingapi kati ya 13, na turufu itakuwa nini. Mgeni akiuliza atajuaje, kwa kawaida hupewa orodha: ukiwa na hiki sema kile, mwenzi akijibu hivi wewe jibu vile. Anaikariri, anaisahau, anaacha mchezo. Naona tatizo si kichwa chake bali mpangilio wa somo. Mnada ulizaliwa na namna ya kuhesabu alama, na anayeanza na alama ataweza kuijenga mwenyewe sehemu kubwa ya orodha hiyo.

Kabla ya 1925, mchezo uliotamba Uingereza na Marekani ulikuwa briji ya mnada, ambamo kila mzunguko ulioliwa kupita ahadi ulihesabiwa kuelekea gemu, yaani kiwango cha alama kinacholengwa, uwe uliuahidi au la. Mwenye akili hakuwa na sababu ya kupanda. Alibaki chini kadiri wapinzani walivyomwachia. Wafaransa nao walikuwa na mchezo wao, plafon, ambao ulihesabu kuelekea gemu yale tu yaliyoahidiwa. Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani na nahodha hodari wa mashua za mashindano, aliichukua kanuni hiyo, akaweka zawadi kubwa kwa anayeahidi mizunguko 12 au yote 13 na kuitimiza, kisha akaongeza hali ya upande kuwa hatarini, ambapo zawadi na adhabu zote hupanda. Aliijaribu na wenzake mwishoni mwa 1925 ndani ya meli Finland, ikipitia Mfereji wa Panama kuelekea Havana. Miaka michache baadaye mchezo wa zamani ulikuwa umesahaulika.

Jedwali linalotumika klabuni leo limetokana na uamuzi huo. Mizunguko sita ya kwanza haina thamani. Kuanzia wa saba, kila mmoja una alama 20 turufu ikiwa pau au uru, na 30 ikiwa kopa au shupaza. Mkicheza bila turufu, wa saba una 40 na kila unaofuata 30. Ahadi yenye thamani ya 100 au zaidi ndiyo gemu, na ikitimizwa huongezewa zawadi kubwa kuliko ile ya ahadi ndogo. Kwa hiyo bila turufu mnahitaji kuahidi mizunguko tisa, kwa kopa au shupaza kumi, kwa pau au uru kumi na mmoja. Sasa chukua upande usio hatarini, uliokula mizunguko tisa bila turufu. Kama uliahidi saba tu, unaandikiwa 150. Kama uliahidi tisa, unaandikiwa 400. Karata ni zilezile na uchezaji ni uleule. Na mkiahidi tisa mkala nane, adhabu ni 50, ilhali kwa ahadi ya saba mngepata 120: hasara ya 170 ukiipima na faida ya 250. Maana yake gemu inafaa kujaribiwa hata pale uwezekano wa kuipata ukiwa chini kidogo ya nusu. Woga, katika mchezo huu, una gharama inayoandikwa.

Swali la mnada basi ni moja: je, mimi na mwenzi wangu tunafika kwenye gemu, na kwa turufu gani? Kulijibu kunahitaji kipimo. Milton Work alieneza hesabu ya ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na Charles Goren akaifanya kuwa msingi wa ufundishaji katika kitabu chake cha 1949. Pakiti nzima ina pointi 40, hivyo wastani wa kila mchezaji ni 10. Uzoefu umeonyesha kwamba upande wenye takriban 25 kwa pamoja hupata gemu mara nyingi, na wenye 33 hukaribia mizunguko 12. Ukishazijua namba hizi, orodha huanza kujieleza. Kwa nini mnada hufunguliwa na pointi 12 au 13? Kwa sababu wawili wenye kiasi hicho wanafika 25. Mwenzi akifungua 1 bila turufu (namba ya dau huhesabu mizunguko inayozidi sita, hivyo 1 ni ahadi ya saba), akimaanisha pointi 15 hadi 17 na karata zilizosambaa vizuri, mwenye 10 anajua gemu ipo, mwenye 8 au 9 anaalika kwa kusema 2 bila turufu, na mwenye 5 tena bila aina ndefu anapita, kwa kuwa hata 17 za mwenzi hazitoshi.

Hata ile kaida inayobeba jina la Samuel Stayman, aliyeitangaza mwaka 1945, inatoka hapohapo. Baada ya 1 bila turufu, dau la 2 pau halisemi lolote kuhusu pau. Linauliza, una kopa nne au shupaza nne? Upande wenye nane za aina moja kwa pamoja mara nyingi hula mzunguko mmoja zaidi ukiifanya turufu kuliko bila turufu. Jibu likiwa 2 uru, mwenzi hana hata moja kati ya hizo mbili, na safari inaendelea bila turufu. Hakuna cha kukariri kwa anayeelewa kinachotafutwa.

Mzoefu atapinga kwamba pointi zinadanganya. Ni kweli. Kipimo cha Work huithamini ree chini ya nguvu yake, hakioni urefu wa aina, na upande wenye 26 unaweza kuanguka bila turufu kwa sababu wote wawili hawana kizuizi katika aina moja, wapinzani wakaila mizunguko mitano ya mwanzo. Lakini pingamizi hili linaunga mkono hoja yangu: aliyekariri kwamba 26 ni gemu hana pa kushika namba inapomwangusha, ila anayejua kwamba anatafuta mizunguko tisa ataitazama aina isiyolindwa na kuuliza kuhusu kopa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mantiki peke yake haitoshi, kwani mwenzi lazima akuelewe. Hili nalikubali. Madau yanayowezekana, toka 1 pau hadi 7 bila turufu, ni 35, wakati mikono tofauti ya karata 13 ni 635,013,559,600. Lugha finyu kiasi hicho haitumiki bila makubaliano, na makubaliano hayawi siri: kanuni zinawapa wapinzani haki ya kuuliza kila dau lina maana gani kwenu. Lakini kukubaliana ni hatua ya pili, baada ya kujua mnachotafuta. Wachezaji wengi wa Uingereza hutumia Acol, ambamo 1 bila turufu kwa kawaida ina pointi 12 hadi 14. Marekani iliyozoeleka ni 15 hadi 17. Aliyekariri majibu ya Chicago akihamia London atapotea jioni ya kwanza, maana 10 zake zilizokuwa gemu sasa zinafika 24 pale mwenzi anapokuwa na karata bora kabisa. Anayejua 25 inatoka wapi anahitaji kumuuliza mwenzi mpya swali moja tu: yako huanzia ngapi?