Sekunde 41 za baba: kabla hujahariri video za nyumbani

Waliosikiliza kipindi kilichopita walinisikia nikikwama nilipoulizwa kuhusu sauti ya baba. Wengi mmetuma ujumbe mkiuliza niliipataje. Haya, hadithi yote ni hii, na ina somo la video ndani yake, maana najua nusu yenu mna simu ya zamani imelala kwenye droo huko kwa wazazi.

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Jeppestown, hatua chache tu kutoka stesheni ya treni ya Jeppe. Alitoka Tanga mwaka 1994, sisi tukamfuata mwaka uliofuata. Mei 2008, zile fujo zilizoanza Alexandra tarehe 11 zilipofika mtaani kwetu, duka lake lilivunjwa na vyerehani vitatu vikaondoka. Watu 62 waliuawa nchini katika wiki zile, kwa hiyo nyumbani tulisema alhamdulillahi, sisi tumepoteza vitu. Baba alianza upya mtaa wa pili. Lakini lile duka la kwanza hakuna aliyewahi kulipiga picha, isipokuwa kaka yangu, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa akichezea Nokia yake mpya.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu mama ametimiza 70, na mimi nikaahidi filamu ya dakika kumi kwa ajili ya wajukuu ambao hawakumjua babu. Nilikuwa na vitu vinne: kanda ya VHS ya harusi yao, video aliyotuma binamu kutoka Toronto, mahojiano ya dakika 40 na mama niliyorekodi kwa simu, na ile klipu ya Nokia. Nikaviingiza vyote kwenye programu ya kuhariri, nikidhani kazi ni kukata na kuunga tu. Wapi!

Hotpoti na kilichomo

Jambo la kwanza nililojifunza: MP4, MOV na MKV ni vyombo tu. Hotpoti mbili zinaweza kufanana kabisa mezani, moja ina pilau, nyingine ina ugali. Kilichomo ndani ni picha na sauti, na kila kimoja kimefungashwa kwa njia yake, inayoitwa kodeki. Ukibadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4, umebadilisha lebo ya hotpoti, basi.

Ndiyo maana video ya simu inacheza vizuri ukiitazama lakini inagandaganda ukiihariri. Kodeki ya H.264 haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi moja kamili, kisha zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Ukisimama katikati, kompyuta inalazimika kurudi nyuma na kuijenga picha upya. Kodeki za kuhariria, kama ProRes au DNxHR, huhifadhi kila picha peke yake. Kazi inakuwa laini, ila andaa diski: saa moja ya ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 25 inakula takriban GB 55.

Mama anaongea, midomo inachelewa

Mahojiano ya mama yalianza vizuri. Kufika dakika ya 30, sauti ilikuwa imetangulia midomo. Kumbe simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi ya fremu kwa sekunde inapanda na kushuka, na programu nyingi za kuhariri hazipendi hilo. Dawa yake ni HandBrake, ambayo ni ya bure: ingiza faili, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, kisha peleka faili mpya kwenye mradi wako.

Kanda ya harusi haikunisumbua kwa kasi. Tanzania na Afrika Kusini zote zilitumia mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, basi mradi mzima nikauweka 25. Ya Toronto ilikuja na fremu 30, nikaibadilisha mara moja tu, mwanzoni. Na jamani, mkitumiana video kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inabanwa, na kilichopotea hakirudi hata uibadilishe kuwa fomati gani.

Klipu ya Nokia

Sasa tuje kwenye hizo sekunde 41. Faili ilikuwa 3GP, picha ndogo ya 176 kwa 144. Niliiingiza, nikamwona baba amekaa kwenye cherehani, mdomo unacheza, sauti hakuna. Nikaipitisha kwenye tovuti moja ya kubadilisha video, ikarudi MP4 safi, bado kimya. Kaka akasema labda maikrofoni ya simu ilikuwa mbovu, futa ile ya zamani uache hii mpya, nafasi imejaa. Nilikuwa nimeshaichagua ile faili, kidole kiko kwenye kitufe. Sijui kwa nini sikubonyeza.

Usiku nikasoma kwamba simu za wakati ule zilihifadhi sauti kwa kodeki ya AMR, na programu nyingi za kuhariri haziisomi. Zinaonyesha picha, sauti zinairuka bila kukwambia kitu. Nikaweka FFmpeg, nikaandika mstari mmoja:

ffmpeg -i baba.3gp baba.wav

Sekunde mbili baadaye nilikuwa na faili ya sauti. Mkwaruzo, honi ya teksi nje, halafu Kiswahili cha Tanga: "Weka hiyo simu chini, mwanangu, njoo unishikie kitambaa." Sauti ilikuwemo humo miaka yote hiyo.

Nilikaa jikoni hadi alfajiri.

Kabla hujagusa kitu

Nakili faili asili sehemu tatu, moja iwe nje ya nyumba yako. Badilisha nakala, kamwe usibadilishe asili. Ukimaliza, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho kabla hujaamini. Na kama umeme wenu ni kama wa Joburg, toa kazi ndefu kwa MKV: MP4 huandika faharasa yake mwishoni, hivyo umeme ukikatika kwenye asilimia 98 umebaki na faili isiyofunguka. Mimi imenitokea mara mbili.

Filamu tuliionyesha sebuleni kwa mama, Jumapili. Watoto walicheka nguo za harusi. Ilipofika klipu ya Nokia, mama hakulia kama nilivyoogopa. Alisema, "Anakuita, na wewe hukwenda." Ni kweli, yule ninayeonekana nimesimama mlangoni ni mimi, na sikwenda.

Kisha akaomba tuirudie.

Wikiendi hii nendeni mkafungue hizo droo. Chaja ya zamani mtaipata tu.