Nyuzi za Nanga: Jinsi ya Kuzichagua kwa Mkazo na kwa Kiini

Utangulizi

Katika Zaburi ya 33, ya 92 na ya 144, mtunzi anataja chombo chenye nyuzi kumi. Wanafunzi wa theolojia huuliza maana ya kumi, lakini ni wachache wanaouliza habari za nyuzi zenyewe: zilitengenezwa kwa kitu gani, zilikazwa kwa nguvu kiasi gani, na mti uliozibeba ulivumiliaje? Swali hili si la mafundi peke yao. Linamhusu kila mtumishi anayetaka chombo cha asili cha watu wake kisikike katika ibada bila kukiharibu.

Makala hii inakusudia kulijibu kwa kuangalia nanga ya Wahaya, ambayo kwa Kihaya huitwa enanga. Msomaji wa pwani asidhani tunasema juu ya nanga ya chombo cha baharini. Nanga hii ni kinanda cha mti uliochongwa, ambacho juu yake uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi katika pengo za ncha zake mbili, hata zikapatikana nyuzi saba au nane zilizo sambamba. Kwa chombo hicho manju wa Buhaya walisindikiza tendi zao, kama ule wa Kachwenyanja na ule wa Mugasha, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti kwa miaka mingi.

Tangu miaka ya 1960 nyimbo zenye asili ya Kiafrika zimekusanywa katika Kanisa letu, hasa kwa juhudi za Mchungaji Howard Olson aliyefundisha Makumira. Watunzi wawili wa Kagera, Bernard Kyamanywa na Wilson Niwagila, wameingia hata katika vitabu vya nyimbo vya ng'ambo. Basi sauti za Buhaya zimekwisha kupokelewa. Ala zake, hata hivyo, zinahitaji uangalizi wa namna nyingine, kwa maana wimbo ukiimbwa vibaya Jumapili hii utaimbwa vizuri Jumapili ijayo, lakini mti wa nanga ukipasuka haurudi katika hali yake.

Kano, utumbo, nailoni na chuma

Hapo zamani uzi wa nanga ulitokana na kano za ng'ombe. Kano zilikaushwa, zikachanwa nyuzinyuzi, kisha zikasokotwa. Fidla, viola na luti za Ulaya nazo zilitumia utumbo wa kondoo uliosokotwa. Luti ni ala ya jamii moja na udi, na Martin Luther mwenyewe aliipiga. Kano na utumbo ni ndugu, maana vyote viwili vimejengwa hasa kwa protini iitwayo kolajeni. Uzi wa namna hiyo una uzito wa wastani, yaani takriban gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo, na kusokotwa kwake huufanya ulegee na kutetemeka kwa urahisi.

Mwaka 1935 nailoni ilipatikana Marekani katika maabara ya kampuni ya DuPont, na mwaka 1938 nyuzi za jamii hiyo, zilizoitwa perlon, zikapatikana Ujerumani. Vitu hivyo vilibadili kazi ya wapiga ala na ya wavuvi pia. Rubafu, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria kaskazini ya mji wa Bukoba, ni mahali pa uvuvi, na katika vijiji vya uvuvi mshipi wa nailoni ni kitu cha kila siku. Nailoni ina gramu 1.14 hivi kwa sentimita ya ujazo, karibu sawa na kano. Kwa sababu hiyo imechukua nafasi ya kano bila kuigeuza sana tabia ya chombo. Chuma, kinyume chake, kina gramu 7.85, yaani kinapita nailoni karibu mara saba. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha hatari tutakayoieleza.

Kanuni ya mkazo

Wanafunzi waliosoma habari za Boethius wanakumbuka hekaya ya Pythagoras na nyundo za wahunzi. Hekaya ile ilifundisha kwamba uzi ukining'inizwa uzito mara mbili, sauti yake hupanda oktavu moja. Watu waliiamini kwa karne nyingi bila kuijaribu. Katika karne ya 16 Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, aliijaribu kwa nyuzi na mawe ya mizani, akaona kwamba oktavu haidai uzito mara mbili bali mara nne. Mwaka 1636 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa kanuni kamili: kimo cha sauti hutegemea urefu wa uzi, mkazo wake, na uzito wa kila mita yake.

Mwanafunzi anaweza kulihakikisha jambo hili kwa vitu vya nyumbani. Achukue mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.8, aulaze juu ya vijiti viwili vilivyoachana sentimita 70, afunge ncha moja, na ncha ya pili aning'inize dumu lenye lita tano za maji. Kwa kuwa lita moja ya maji ina kilo moja, mkazo ni kilo tano hivi, na uzi utatetemeka takriban mara 209 kwa sekunde. Kisha amwage maji mpaka zibaki lita moja na robo. Sauti itashuka oktavu moja, wala si zaidi.

Kutokana na kanuni hiyo yafuata mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mkazo hupanda upesi kuliko sauti. Katika viola kila sauti ina uzi wake: wa chini ni mzito, wa juu ni mwepesi, na hivyo mikazo hukaribiana. Nanga haiko hivyo. Uzi ni mmoja, unene ni mmoja, na urefu wa vipande karibu ni mmoja. Linalobaki la kutofautisha sauti ni mkazo peke yake. Nyuzi saba zilizopangwa kwa mfumo wa sauti tano hupanda hatua moja kupita oktavu, na hapo uzi wa juu hudai mkazo mara tano ya uzi wa chini.

La pili ni jambo linalowapotosha wengi, nalo ni kudhani kwamba uzi ukikatika dawa yake ni uzi mnene zaidi. Uzi wenye unene maradufu una nguvu mara nne, hiyo ni kweli. Lakini ili utoe sauti ileile katika urefu uleule, nao hudai mkazo mara nne. Faida na hasara zimelingana, na uzi haukupata nafuu yoyote. Aliyepata hasara ni mti, ambao sasa unabeba mzigo mara nne. Ikiwa uzi unakatika, ama sauti imepandishwa kupita uwezo wa kitu kilichoutengeneza, ama pengo la mti lina makali, ama fundo limeudhoofisha. Dawa ni kushusha sauti, kulainisha pengo, au kufunga upya.

Mzigo wa mti mzima

Tuchukue nanga yenye nyuzi saba za sentimita 70, uzi wa chini ukitetemeka mara 130 kwa sekunde. Sauti hiyo ni karibu ileile ya uzi wa chini kabisa wa viola. Tukikokotoa mikazo yote saba na kuijumlisha, tunapata hivi:

Nailoni ya milimita 0.6: kilo 20 hivi.
Nailoni ya milimita 0.8: kilo 35 hivi.
Nailoni ya milimita 1.0: kilo 54 hivi.
Waya wa chuma wa milimita 0.4: kilo 60 hivi.

Msomaji aangalie mstari wa mwisho. Waya huo ni mwembamba kuliko mishipi yote mitatu, na machoni pa mtu unaonekana mpole. Hata hivyo ndio unaouelemea mti kuliko zote, mara tatu ya mshipi wa kwanza. Tena chuma hukata pengo za mti, na katika hewa ya Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2,000 hivi, hushika kutu upesi.

Kwa nini basi mtu ashawishike kutumia chuma? Kwa sababu chuma kinalia kwa ukali, na katika kanisa lenye kinanda cha umeme, vipaza sauti na tarumbeta, nanga ya nailoni haisikiki. Haja hiyo ni ya kweli. Lakini nanga iliumbwa kusindikiza maneno. Sauti yake ya upole huacha nafasi ili kila neno la manju lifike masikioni. Ikikazwa hata ishindane na tarumbeta, inapoteza kazi yake kabla haijapasuka. Yafaa zaidi kuiwekea kipaza sauti karibu, au kupanga katika ibada mahali ambapo ala nyingine hunyamaza, kwa mfano wakati wa zaburi inayosomwa au simulizi la Biblia linalotolewa kwa kughani.

Funzo kutoka kwa viola

Viola inatusaidia kuelewa maana ya kiini. Uzi wake una urefu wa sentimita 37 hivi, karibu nusu ya ule wa nanga tuliyoitaja, lakini wa chini hutakiwa kutoa sauti ileile ya mitetemo 130. Kwa mkazo wa kilo tano, uzi wa nailoni mtupu ungehitaji unene wa milimita 2.4. Kitu kinene hivyo ni kama fimbo: hakipindi kwa urahisi, na sauti yake huwa butu. Kwa hiyo mafundi hutengeneza kiini chembamba cha utumbo, cha nailoni au cha chuma, kisha hukizungushia waya mwembamba wa metali nzito, kama fedha au tangsteni. Waya huleta uzito, kiini huhifadhi ulegevu. Kiini cha utumbo hupendwa kwa sauti yenye joto, ingawa hubadilika kila unyevu unapobadilika. Kiini cha chuma hutulia upesi na kulia kwa uwazi na ukali. Nyuzi za kiini cha perlon, zilizoenea tangu miaka ya 1970, zimesimama katikati.

Mpiga nanga hana uzi wa kuzungushiwa waya, wala hauhitaji, kwa sababu urefu wa chombo chake humpa sauti za chini bila uzito mwingi. Lakini kanuni ni ileile: tafuta uzito unaotosha pasipo ugumu. Uzi mwembamba mno huning'inia katika sauti za chini na kugonga mti. Uzi mnene mno huwa mgumu na kuuelemea mti katika sauti za juu. Kwa kuwa uzi wa nanga ni mmoja, hauwezi kuwa bora kabisa chini na juu kwa pamoja. Chaguo jema ni lile ambalo uzi wa chini umekazika vya kutosha tu, na hapo uzi wa juu utakuwa na mzigo mdogo uwezekanao.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, pima urefu wa nyuzi, na uchague sauti ya chini inayolingana na koo la mwimbaji, wala usiilazimishe ifuate kinanda cha kanisa.

Pili, jaribu mishipi miwili au mitatu ya unene mbalimbali kwa dumu la maji kabla ya kuivika nanga yenyewe.

Tatu, lainisha pengo zote. Uzi ni mmoja, hivyo ukikatika mahali pamoja nyuzi zote hulegea.

Nne, kaza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nailoni hurefuka inapovutwa mara ya kwanza, na hunyonya unyevu wa hewa. Anayekaza kipande kimoja hugusa vipande jirani, kwa hiyo rudia kuanzia mwanzo mpaka vyote vitulie.

Tano, ikiwa nanga ni ya zamani, anza na mshipi mwembamba kuliko ule unaoudhani kuwa unafaa. Na chombo kisipotumika kwa muda mrefu, kilegezwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba nguvu ya uzi si kipimo cha kufaa kwake. Kipimo ni uwiano wa mambo matatu: sauti ya mwimbaji, uzito wa uzi, na uwezo wa mti. Kuacha kano na kutumia nailoni si kuvunja mapokeo, kwa sababu uwiano huo haukuvunjika. Kuvika chuma chombo kilichochongwa kwa ajili ya kano ni jambo jingine, hata kama kwa nje chombo kinaonekana kilekile. Mchungaji anayeletewa nanga usharikani na mzee aliyeirithi amekabidhiwa kitu ambacho pengine hakuna wa kukichonga tena. Basi aulize kwanza chombo hicho kinaweza kubeba nini, ndipo aulize anataka kisikike mpaka wapi.