Leso: Kitambaa cha mkononi au vazi la kujifunga?

MIAKA mingi iliyopita, nikiwa ningali mchanga katika kazi ya uhariri, nilifuta neno ‘leso’ katika taarifa iliyotoka Mombasa. Mwandishi alikuwa ameeleza kuwa mwanamke fulani aliopolewa majini akiwa amejifunga leso. Nilijiuliza: mtu hujifungaje kitambaa cha kupengea kamasi? Nikaandika ‘kanga’. Wiki iliyofuata, msomaji mmoja wa Pwani alinikosoa kwa barua ambayo sijaisahau.

Kimaana sikuwa nimepotoka, kwani leso na kanga ni vazi lile lile. Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa leso ina maana moja tu.

Neno hilo limetoholewa kutoka kwa neno la Kireno ‘lenço’, yaani kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Katika karne ya 19, vitambaa hivyo vya rangi viliuzwa katika upwa wetu vikiwa bado vimeungana katika jora. Wanawake walinunua sita kwa pamoja, wakakata katikati kupata vipande viwili vya vitambaa vitatu vitatu, kisha wakavishona ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo iliyoitwa leso ya kushona. Kitambaa kikawa vazi, jina likabaki lile lile.

Nalo jina ‘kanga’ inasimuliwa kuwa lilitokana na ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa nguo za awali zilizopigwa chapa zilifanana na manyoya yake. Mombasa wameshikilia leso, Tanzania, kanga.

Baadhi ya waandishi huchanganya vazi hili na kitenge. Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maandishi yenye ujumbe, ambayo hapo kale yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Huuzwa kwa doti, yaani mbili mbili. Kitenge hakina jina wala mji.

Kwa hivyo ‘amejifunga leso’ ni sahihi kabisa. Panapozuka utata, andika ‘leso ya mkononi’ au ‘leso ya kujifunga’. Wingi wake ni leso, si ‘maleso’. Aidha, tuchunge upatanisho wa kisarufi: kanga huyu ametaga, lakini kanga hii imechakaa.