Kuipa Pikipiki Nguvu ya Kupanda Mlima

Ndugu mkulima, leo tuongee juu ya pikipiki. Siku hizi pikipiki ndiyo punda wetu. Ndiyo inayotoa mahindi na ufuta shambani, ndiyo inayomkimbiza mgonjwa zahanati. Lakini njia zetu za mashamba, kutoka Mikumi kupitia Ulaya hadi Kilosa, kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Anayelima miteremko ya Rubeho ana kilima juu yake. Ndiyo maana wengi mnauliza: nitaiongezaje nguvu injini yangu?

Wapo watakaokuambia utoe eakilina ili injini ipumue, kisha ukate bomba la moshi. Ni kweli itanguruma. Lakini ngurumo siyo nguvu.

Angalia injini inavyokula. Kuunguza kilo 1 ya petroli, inavuta karibu kilo 15 za hewa. Hewa yote hiyo hupita kwenye eakilina. Ukiitoa, vumbi linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili na kuwa kama msasa. Ringi zinalika, moshi wa buluu unatoka, na nguvu uliyokuwa nayo inapotea. Tena hewa ikizidi petroli, injini inapata joto kali na pistoni yaweza kutoboka. Hapo umejitafutia gharama ya silinda mpya, na mavuno yako yangali shambani.

Sasa fanya hivi.

Kwanza, safisha eakilina. Ya sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, siyo petroli. Ikaushe kivulini, ipake oili kidogo, kisha ikamue. Ya karatasi haioshwi. Ikung'ute taratibu, na ikichakaa nunua nyingine. Wakati wa vumbi iangalie kila wiki.

Pili, fungua plagi uisome. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au eakilina imeziba. Nyeupe, petroli ni kidogo na injini inaungua. Mpelekee fundi kabureta mapema.

Tatu, kama bado inashindwa kilima, usiguse injini. Badili sproketi ya mbele, yaani lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Injini inazungusha sproketi ya mbele mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukiweka ya meno 13, itazunguka mara 3 na robo hivi. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kama 8 kwa 100. Ni kama kutumia mtaimbo mrefu zaidi kung'oa kisiki.

Lakini hakuna cha bure. Kwa mlio uleule wa injini, uliyekuwa ukienda kilomita 60 kwa saa sasa utakwenda kama 56. Ukishika barabara kuu ya Mikumi, usiilazimishe ikimbie kama zamani. Fundi akibadili sproketi, akaze cheni upya kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza, na akague breki. Anayepanda na mzigo, atashuka na mzigo.

Basi ndugu mkulima, anza na eakilina leo hii, kabla hujatoa shilingi mfukoni. Sproketi ije baadaye, tena kama kilima kinakudai. Kazi njema.